Askari wa mwili haamki bila idhini: Kwa nini TB humuwahi mwenye VVU

Ndugu msomaji, yapo maswali ambayo sisi watabibu huulizwa hata tukiwa tumekaa barazani baada ya swala ya Isha, na hili ni mojawapo. Mtu amepima, amekutwa na VVU, CD4 zake zimehesabiwa zikaonekana 600 na zaidi. Anakula, analala, anapakia magunia ya mahindi kwenye lori. Hakuona haraka ya kuanza dawa. Miezi michache baadaye anakohoa, anatoka jasho la usiku, na kipimo cha makohozi kinasema ni kifua kikuu. Ndugu zake wanauliza: si tuliambiwa kinga yake ingali nzuri? Je, ile namba ilikuwa ya uongo?

Namba haikuwa ya uongo. Isipokuwa namba ile huhesabu askari wote kwa jumla, haisemi nani alikuwa analinda lango gani. Inawezekana kambi ikaonekana imejaa na huku walinzi wa lango moja wote wameshaondoka. Leo, Insha'Allah, tutaangalia jinsi askari hao wanavyosomeshwa, wanavyoruhusiwa kupigana na wanavyozuiwa, kwani bila kuelewa hilo hatuwezi kuelewa kwa nini TB humuwahi mtu mwenye VVU.

Kwa sisi wa Mpemba mada hii haiko mbali na mlango wa mtu yeyote. Tupo kwenye njia kuu iendayo Tunduma na Zambia, na hapa hapa ndipo inapochepuka barabara ya Isongole iendayo Ileje na Malawi. Malori yanalala, madereva wanalala, mabasi yanapita alfajiri na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. VVU hufuata njia za watu wengi, na TB hupenda hewa isiyotembea.

Chuo kilicho nyuma ya mfupa wa kifua

Askari tunaowazungumzia wanaitwa seli T. Ni aina ya chembechembe nyeupe za damu. Huzaliwa katika uboho wa mifupa kama chembe nyingine za damu, kisha hupelekwa kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, iitwayo thaimasi. Herufi T imetokana na jina la tezi hiyo. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliiona kama kiungo kisicho na kazi, mpaka mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya utafiti London, alipoonesha kuwa panya mchanga akiondolewa tezi hiyo hukua bila kinga ya kutosha na hufa kwa maradhi.

Thaimasi ni chuo, tena chuo kikali kuliko chochote tulichopitia sisi. Kila seli T huundiwa kipokezi chake, mfano wa jicho, na kipokezi hicho huundwa kwa kubahatisha, ndiyo maana seli moja huweza kukitambua kipande cha bakteria wa TB na jirani yake akatambua kirusi cha mafua. Lakini kwa kuwa ni bahati nasibu, wapo wanaozaliwa na jicho linaloona nyama za mwili wenyewe kuwa ni adui. Basi tezi huwajaribu wote. Asiyeweza kusoma chochote hufa. Anayeshambulia mwili wake naye huuawa, au hugeuzwa kuwa mtulizaji, na habari ya hao inakuja. Kati ya kila seli 100 zinazolelewa humo, zinazotoka hai hazifiki 10.

Tezi hii ni kubwa utotoni na husinyaa taratibu mtu anapokua. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali husinyaa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mama anayehangaikia maharage, dagaa na yai la mtoto wake, pamoja na kushibisha tumbo anakilisha chuo hicho pia.

Mihuri mitatu

Seli iliyohitimu hutoka ikazunguka katika damu na katika mitoki, yaani zile tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena. Hapo bado si mpiganaji. Wasomaji mliopita madrasa mnaelewa tofauti: mtu anaweza kuwa amehitimu, lakini hasimami mbele ya wanafunzi kufundisha mpaka mwalimu wake ampe ijaza. Seli T nayo inasubiri idhini, na idhini hiyo haiji kwa muhuri mmoja.

Muhuri wa kwanza huletwa na seli wapeleka habari. Hizi hukaa kwenye ngozi, mapafu na utumbo. Zikikutana na kimelea humla, humkatakata, huchukua kipande chake na kukibeba juu ya ngozi yao kama mtu aliyebeba bango, kisha husafiri hadi mtoki wa karibu. Pale mtokini seli T nyingi hupita, kila moja ikiangalia bango, na nyingi haziambulii kitu. Siku ikipita ile ambayo jicho lake linalingana na kipande kile, inasimama.

Kusimama si kuamka. Muhuri wa pili ni ushahidi kwamba yupo adui wa kweli. Mpeleka habari aliyekutana na hatari hutoa nje protini nyingine ya kushikana na seli T, na seli T haisogei mpaka iguswe sehemu zote mbili. Ikiona bango tu bila mguso wa pili, huzubaa, na mara nyingi haitaamka tena kwa kitu kile. Hii ni hekima kubwa, kwani mwili umejaa vipande visivyo na madhara, vya chakula na vya viungo vyetu wenyewe, na laiti kila bango lingeamsha vita tungekuwa wagonjwa kila siku.

Muhuri wa tatu ni amri ya aina ya vita. Mpeleka habari humwaga kemikali, na kemikali hiyo huamua mpiganaji atakuwa wa namna gani. Kwa bakteria wa TB, ambaye hujificha ndani ya seli zetu, kemikali kubwa ni intalukini-12. Hiyo huigeuza seli T ya kundi la CD4 kuwa aina ambayo haiui bakteria kwa mkono wake yenyewe, bali hutoa intaferoni-gama, na intaferoni hiyo huzipa nguvu seli walaji wa mapafuni ili wamuue bakteria waliyemmeza. Kwa minyoo amri ni nyingine, na kwa fangasi nyingine.

Anayeijua foleni ya Tunduma ataelewa jambo hili haraka. Hata baada ya Tanzania na Zambia kuanza kutumia kituo kimoja cha pamoja mpakani mwaka 2019, lori halivuki kwa karatasi moja. Likikosa moja linalala, na dereva anayelalamika haoni bidhaa za magendo ambazo utaratibu huo huo umezizuia.

Mihuri ikikamilika, swichi huwashwa ndani ya kiini cha seli. Moja ya swichi hizo ni protini iitwayo NF-kB, nakuomba uikumbuke kwa sababu tutairudia. Huingia kwenye kiini na kufungua kurasa za maelekezo zilizokuwa zimefungwa. Seli huanza kutengeneza intalukini-2, kemikali inayoilisha yenyewe na jirani zake, na huanza kugawanyika. Katika muda wa wiki moja hivi seli moja huwa maelfu. Homa, uchovu na mtoki uliovimba ni dalili za kazi hiyo. Kwa TB mambo ni ya polepole zaidi, kwani bakteria yule huchelewesha habari kufika mtokini, na huchukua wiki kadhaa tangu mtu avute hewa yenye vimelea mpaka wapiganaji wafike mapafuni.

Breki

Jeshi lisilojua kurudi kambini ni balaa kwa nchi yake. Ndiyo maana seli iliyoamka huota breki zake papo hapo. Mbili zinajulikana zaidi, CTLA-4 na PD-1, na wataalamu waliozigundua kazi zake kwa ajili ya tiba ya saratani, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Nobel ya tiba mwaka 2018. Adui akipungua, breki hukaza, na sehemu kubwa ya wapiganaji hufa. Wachache hubaki kuwa walinzi wenye kumbukumbu. Chanjo nyingi zinategemea hao wachache, ikiwemo ile ya BCG anayochomwa mtoto begani akizaliwa, ambayo humkinga mdogo na TB ya ubongo na TB iliyosambaa mwilini ingawa haimkingi vizuri mtu mzima.

Juu ya breki hizo wapo wale watulizaji niliosema. Shimon Sakaguchi wa Japani aliwaeleza mwaka 1995, katika wakati ambao wenzake wengi hawakutaka hata kusikia kuwa kuna seli za kutuliza. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakaonesha kuwa jeni iitwayo FOXP3 ikiharibika, panya hushambuliwa na kinga yake mwenyewe, na kwamba wapo watoto wa kiume wanaozaliwa na hitilafu hiyo hiyo, wakiugua kisukari, kuhara na magonjwa ya ngozi tangu uchanga. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2025.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Mtaani kwetu neno la kinga limekuwa neno la "kuongeza". Chai hii inaongeza kinga, unga ule unaongeza kinga. Mimi siipendi lugha hiyo. Kinga haipimwi kama ndoo ya maji kwamba ikizidi ni heri. Inapimwa kwa nani ameamka, kwa amri ipi, na kama atajua kuacha.

Boma la TB

Bakteria wa TB, aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, anakadiriwa kuwamo katika mwili wa karibu robo ya watu wote duniani. Walio wengi hawaugui. Kati ya walioambukizwa na wasio na VVU, wanaougua katika maisha yao yote ni asilimia 5 hadi 10 hivi. Waliobaki wameishi na bakteria huyo amezungushiwa boma la seli mapafuni.

Boma hilo halijengwi mara moja likaachwa, kama vile zizi lisivyozuia fisi kwa sababu tu lilijengwa mwaka juzi. Linahitaji seli walaji ndani na seli T za CD4 pembeni zikiendelea kutoa intaferoni. Walinzi wakipungua, miti inalegea, na bakteria anatoka. Mwenye VVU asiyetumia dawa ana hatari ya kuugua TB zaidi ya mara kumi kuliko asiye na VVU. Na hapa tunafika kwenye jambo lililogunduliwa jirani kabisa na sisi.

Yaliyoonekana Mbeya

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Songwe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, watafiti wa Mbeya wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani walifuatilia afya za wanawake wahudumu wa baa mkoani humo kwa miaka kadhaa, wakichukua damu kila baada ya muda. Kazi hiyo leo inaendelea katika kituo cha utafiti cha NIMR Mbeya. Kwa kuwa damu ilitunzwa, wale walioambukizwa VVU katikati ya ufuatiliaji walikuwa na damu ya kabla na ya baada. Hiyo ni hazina, maana kwa kawaida mgonjwa hutufikia baada ya mambo kutokea.

Christof Geldmacher na wenzake, akiwemo Dk. Leonard Maboko ambaye baadaye aliiongoza TACAIDS, wakauliza swali jepesi: VVU vikiingia, walinzi wa TB huenda wapi? Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 walionesha kuwa kwa wengi wa wanawake waliokuwa na bakteria wa TB aliyelala, seli T zinazomtambua bakteria huyo zilipungua mapema sana baada ya kuambukizwa VVU, na hazikurudi. Ilitokea wakati mtu bado hana dalili. Jumla ya CD4 haikuwa imeporomoka kiasi hicho.

Kwa nini walinzi wa lango hilo waanze kuondoka? Jibu lilikuja mwaka 2010 kutoka kwa timu hiyo hiyo na wenzao wa Marekani. Walilinganisha walinzi wa TB na walinzi wa kirusi kingine kilichozoeleka miilini mwa watu, kiitwacho saitomegalo. Wakakuta VVU vimejipachika ndani ya walinzi wa TB kwa wingi zaidi. Tofauti kati ya makundi haya mawili ilikuwa katika kemikali wanazotoa. Walinzi wa saitomegalo hutoa kwa wingi kemikali inayokalia mlango ambao VVU huutumia kuingia, hivyo mlango unakuwa na mtu tayari. Walinzi wa TB hutoa kidogo sana ya hiyo, bali hutoa sana intalukini-2, ile kemikali ya kuamka na kugawanyika.

Sasa rudi kwenye NF-kB niliyokuomba uikumbuke. VVU vikishaingia ndani ya seli hujipachika kwenye maandishi ya seli na kusubiri. Na mahali pao pa kuanzia pameandikwa kwa namna ambayo swichi ile ile ya NF-kB inapatambua. Jambo hili lilioneshwa na Gary Nabel na David Baltimore mwaka 1987. Maana yake ni kwamba seli inapopata idhini ya kuamka ili ipigane na TB, idhini hiyo hiyo inawaamsha na VVU waliomo ndani. Kirusi hakihitaji kutafuta ufunguo wake. Kinasubiri mwenye nyumba afungue.

Na bakteria wa TB aliye ndani ya boma hawaachi walinzi wake wapumzike. Kila siku wanaitwa, kila siku wanaamka. Basi wao ndio wanaokuwa chakula cha mwanzo cha VVU. Hilo ndilo jibu la ndugu wa yule mpakiaji wa mahindi mwenye CD4 600.

Zamani mtu aliambiwa asubiri mpaka CD4 zishuke chini ya 200, baadaye 350, ndipo apewe dawa. Tangu mwaka 2016 Tanzania inampa ARV kila anayekutwa na VVU bila kuangalia namba, na nikisoma yale ya Mbeya sioni kwa nini mtu aendelee kuomba muda wa kufikiria mwaka mzima. Aidha, anayeanza kliniki ya CTC na hana dalili za TB hupewa dawa ya kuzuia bakteria aliyelala asiamke. Wapo wanaoipokea na kuiweka kabatini, wakisema "mimi sina TB". Ndiyo, huna, na hiyo ndiyo sababu umepewa. Mwenye VVU anayekohoa, hata kama ni siku tatu tu, aseme kituoni. Asiye na VVU akifikisha wiki mbili naye aje. Vipimo na dawa za TB hulipii. Na mtoto wa chini ya miaka mitano aliyelala chumba kimoja na mgonjwa wa TB asiachwe nyumbani kwa sababu anacheza, aletwe achunguzwe.

Mgonjwa anapozidi baada ya kuanza dawa

Jambo hili limevunja ndoa na limeua watu, kwa hiyo nisome kwa makini. Mgonjwa wa TB mwenye VVU anaanza dawa za TB, kisha ndani ya wiki mbili hivi anaanza ARV. Anapata nafuu. Halafu katika wiki chache za mwanzo, pengine mwezi wa pili au wa tatu, mitoki ya shingo inavimba, homa inarudi, kikohozi kinaongezeka. Nyumbani wanasema dawa zimemkataa. Mwingine anasema amerogwa na wa upande wa mume. Dawa zinatupwa chooni.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. ARV zimeufunga mkono wa VVU, askari wamerudi kambini, na wanakuta mwili umejaa vipande vya bakteria wa TB, walio hai na waliokufa. Mabango ni mengi kila mtoki. Wanaamka wote kwa pamoja, na mfumo wa breki na watulizaji nao ulikuwa umevurugwa na ugonjwa. Uvimbe unaouona ni vita ya kinga iliyorudi kwa pupa. Dawa hazisimamishwi. Mgonjwa anarudishwa kituoni haraka, kwa sababu tabibu lazima ahakikishe si TB sugu wala ugonjwa mwingine, na akiona inafaa atampa dawa ya kutuliza kinga kwa kipimo na kwa muda maalumu. Akiumwa kichwa sana, akichanganyikiwa au akishindwa kupumua, hapo msisubiri asubuhi.

Dawa hiyo ya kutuliza ni predinisoloni. Na hapa lazima niseme jambo la aibu la mitaani. Predinisoloni na ndugu yake deksamethasoni zinauzwa kimya kimya kwa wasichana na akina mama kama vidonge vya kunenepa. Kweli uso unajaa na hamu ya kula inakuja. Lakini dawa hizi zinaingia ndani ya seli T na kuizima ile NF-kB, zinazuia intalukini-2 isitengenezwe, na zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu boma la TB linabaki bila walinzi hata kwa mtu asiye na VVU kabisa. Na aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla, bali aje zipunguzwe taratibu, maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza za kwake. Mume anayemsifu mkewe kwa mashavu mapya aulize yametoka wapi.

Kuhusu habbat sauda, mlonge, asali na tangawizi, sina ugomvi navyo vikiwa chakula. Ugomvi wangu ni mtu anapovipa nafasi ya ARV au ya dawa za TB. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na miongoni mwao wapo walioacha dawa zao. Na kama hoja ni kuongeza CD4 tu, wataalamu walishalijaribu hilo kwa kemikali yenyewe. Tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 2009, zikiwa na wagonjwa zaidi ya 5,000 wa nchi nyingi, ziliwachoma sindano za intalukini-2 wenye VVU wanaotumia ARV. CD4 zilipanda vizuri kabisa. Lakini magonjwa nyemelezi hayakupungua, wala vifo. Namba ilipanda, walinzi waliohitajika hawakurudi.

Chakula cha kawaida kina ushahidi bora. Huko Jharkhand nchini India, matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yalionesha kuwa familia zenye mgonjwa wa TB zilipopewa chakula cha ziada cha nafaka na kunde, ugonjwa kwa wanafamilia ulipungua kwa karibu asilimia 40. Seli inayogawanyika hadi kuwa maelfu kwa wiki inajengwa kwa protini, nasi Songwe tuna maharage, kunde na karanga. Ugali mkubwa na mchuzi wa nyanya haujengi seli T. Na dirisha la chumba cha mgonjwa lifunguliwe mchana, hata kama upepo wa huku una baridi.

Limebaki swali la mfungo, ambalo hunijia kila Shaaban. Ruhusa ya mgonjwa kula mchana na kulipa baadaye kila aliyekaa chuoni anaijua, na mgonjwa wa TB aliye kwenye miezi miwili ya mwanzo, amekonda, anatapika, sioni ajitie katika tabu hiyo. Aliyepata nguvu na anataka kufunga azungumze na tabibu wake kabla ya mwandamo, si tarehe kumi. Dawa za TB hunywewa mara moja kwa siku, na kidonge cha ARV kinachotumiwa na wengi hapa nchini, chenye dolutegraviri, nacho ni mara moja. Tatizo ni kwa anayetumia vyote viwili. Rifampisini iliyomo katika dawa za TB huondoa dolutegraviri mwilini haraka, kwa hiyo huongezewa kidonge kimoja cha dolutegraviri peke yake, saa 12 baada ya kile cha kwanza. Wapo wanaokiona ni kidogo wakakiacha Ramadhani nzima kwa kuona kinaharibu saumu. Kwa ratiba yetu ya huku, kimoja hukaa futari na kingine daku, pengo la usiku likiwa pungufu kidogo ya saa 12 na la mchana likizidi kidogo, na tabibu wako atakuambia kama hilo linakufaa. Kidonge hicho kidogo kinaendelea mpaka wiki mbili baada ya dozi ya mwisho ya TB, hata kama kikohozi kilikoma zamani.